Bei ya Pikapu Kuukuu

Watu wengi hudhani kwamba bei ya kitu kikuukuu hushuka mwaka hadi mwaka mpaka kitu chenyewe kitupwe. Kwa viatu na madaftari ni kweli. Kwa magari ya aina fulani si kweli hata kidogo, na gari lililonifundisha jambo hili ni pikapu ya Land Rover, ile ndefu tuliyozoea kuiita "mia na tisa". Msomaji wa rika langu hahitaji kuelezwa ni gari gani. Msomaji kijana huenda ameiona imeegeshwa chini ya mwembe, haina tairi, kuku wametaga ndani yake, akapita bila kugeuza shingo. Namwomba anivumilie kidogo. Nataka kueleza jinsi bei ya gari hilo ilivyopanda, ikashuka, kisha ikapanda tena, na kwa nini anayetaka kuliuza leo hana budi kujua historia yake kabla ya kutaja shilingi yoyote.

Land Rover ilizaliwa kutokana na uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha Uingereza ilikuwa mshindi asiye na kitu. Chuma cha pua kiligawiwa kwa mgawo, na viwanda vilivyoweza kuuza bidhaa nje ndivyo vilivyopendelewa. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, ambako alitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita. Alijua kwamba jeep ile ikichakaa hana gari la kuweka mahali pake. Mwaka 1947 akaanza kubuni gari la mkulima, na kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bati za bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa wepesi zaidi baada ya viwanda vya ndege kupunguza kazi. Chesisi tu na sehemu chache ndizo zilizokuwa za chuma. Gari lilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, kwa bei ya pauni 450. Wenyewe walikusudia kulitengeneza kwa miaka michache tu, mpaka biashara ya magari yao ya kistaarabu irudi. Liliendelea kutengenezwa, kwa sura iliyobadilika kidogo kidogo, hadi tarehe 29 Januari 2016.

Nilipokuwa nikifundisha Historia nilipenda kuwaeleza wanafunzi kwamba Waingereza haohao, katika mwaka uleule wa 1947, walikuwa na uhaba mwingine, wa mafuta ya kula, ndipo wakaja Kongwa kulima karanga. Mwaka 1951 waliuacha mradi ule baada ya kuzika udongoni pauni milioni 36 hivi. Uhaba mmoja ulituletea mashamba ya vichaka na matrekta mabovu, na wa pili ulituletea gari lililotubeba kwa miaka arobaini. Sijui ni nani aliyekadiria thamani ya kila kimoja siku ile, lakini naamini fedha nyingi ziliwekwa penye thamani ndogo.

Jina la mia na tisa lilitokana na inchi 109, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Urefu huo ulianza mwaka 1956 kwa Series I, ukaendelea katika Series II na katika Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Tofauti za nje ni ndogo, ila mwenye kutaka kuuza sharti azijue. Katika matoleo ya zamani taa za mbele zimekaa karibukaribu, katikati, zikizungukwa na wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya sitini zikahamia kwenye mabawa. Katika Series III saa za mwendo na mafuta zilitoka katikati ya dashibodi zikaja mbele ya dereva. Mtu asiyejua hayo huuza mama kwa bei ya binti, au binti kwa bei ya mama.

Chuo cha ualimu nilichofanyia kazi, huku Nyanda za Juu Kusini, kilipata pikapu ya namna hiyo mwaka 1976. Ilikuwa miaka ya pilikapilika. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limetaka kila mtoto aanze shule ndani ya miaka mitatu, na walimu walitakiwa kwa maelfu. Pikapu ilipeleka wakufunzi vijijini kuwakagua waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Ilibeba mahindi, kuni, chaki, wagonjwa, na mara kadhaa maiti. Asubuhi za Juni, baridi ikiwa kali, dereva wetu aliiwasha kwa hendeli, akizungusha kwa mkono mmoja huku kidole gumba amekikunja upande mmoja na vidole vingine, kwa sababu hendeli ikirudi nyuma huvunja gumba. Kama mtu angeniuliza wakati huo ina thamani gani, ningemshangaa. Gari la serikali halikuwa na bei. Lilikuwa na leja, lilikuwa na namba, na lilikuwa na dereva.

Ni matukio ya nje yaliyotufundisha bei. Mapema mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Spea nyingi zilikuwa zikitoka Nairobi. Mwaka 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na katika vita ile magari mengi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kubebea askari na vifaa. Mengine hayakurudi, na mengine yalirudi yakiwa hayatambuliki. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda kwa mara ya pili. Fedha za kigeni zikakauka. Ikafika wakati magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na tukazoea kuona waumini wanatoka ibadani wakitazama saa.

Hapo ndipo ajabu ilipotokea. Gari kuukuu lililotembea likawa ghali kuliko bei halali ya gari jipya. Sababu si ngumu. Gari jipya liliuzwa kwa kibali, na kibali hakikupatikana. Gari kuukuu liliuzwa kwa makubaliano, na mwenye fedha alikuwapo. Wachumi wana majina yao ya jambo hili, lakini mama muuza vitumbua alilijua bila jina, maana sukari yake ilikuwa na bei mbili vilevile. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, baadhi ya watu walitupa vitu vyao porini kwa hofu. Katika siku hizo kitu kiliweza kuwa na bei kubwa jioni, na asubuhi kikawa mzigo wa hatari.

Dereva wetu alilitunza gari katika miaka hiyo kwa ustadi ambao sijauona tena. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka katika majalada magumu ya madaftari yaliyokwisha. Vipira vya springi alivichonga kutoka katika tairi kuukuu la trekta. Hakuwa fundi wa cheti. Lakini kila alichokifanya alikiandika: tarehe, kilichoharibika, alichoweka, na bei kama kilinunuliwa. Aliandika katika madaftari ya mazoezi ya chuo, kwa mwandiko wa kulala, na hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Baadaye upepo ukageuka. Katika bajeti ya mwaka 1984 serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozipata. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi, ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa 17 kwa dola, ikawa 40, kisha ikaendelea kuteremka. Magari yaliyotumika ya Kijapani yakaanza kushuka bandarini Dar es Salaam. Yalikuwa mepesi, hayakula mafuta mengi, spea zake zilikuwa kila duka. Land Rover ikawa jina la gari la wazee. Mwaka 1993 ya kwetu ikafutwa katika leja ikapigwa mnada, na aliyeinunua, kwa shilingi 410,000, akilipa kwa akiba yake na mkopo wa chama cha akiba, alikuwa dereva mwenyewe. Watu walimcheka kwamba amenunua sufuria.

Kicheko hicho kilikuwa na ukweli ndani yake, na nitaurudia, maana sufuria ndizo zilizotaka kuimaliza pikapu ile.

Dereva alifariki miaka michache iliyopita. Pikapu ilikuwa imesimama zizini tangu alipoanza kuugua. Mwaka jana mjane wake alinitumia mjukuu kuniita. Nilikuta wanawe watatu wamekaa, na mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kuja na kuondoka, ameacha ahadi ya laki tisa.

"Shemeji Mwalimu," aliniambia, "hawa wanasema ni bei nzuri. Mimi sijui hesabu za magari, lakini moyo unakataa. Nimekuita uniambie kama moyo wangu ni wa mjane au ni wa mwenye akili."

Kijana mkubwa alieleza kwa heshima, naye hakuwa mjinga. Baba alinunua kwa laki nne na elfu kumi, alisema. Ameitumia zaidi ya miaka ishirini. Leo mtu anatoa laki tisa, zaidi ya mara mbili. Mdogo wao alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo na ada ilikuwa inadaiwa. Faida gani nyingine inatafutwa?

Hoja hiyo nimeisikia kwa watu wazima wenye vyeo, katika nyumba, mashamba na ng'ombe. Inachukulia shilingi kana kwamba ni futi ya seremala, isiyobadilika urefu. Tulipoanza kutumia shilingi yetu mwaka 1966, dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Mwaka 1993, wakati wa mnada, ilikuwa shilingi mia nne na kitu. Leo ni zaidi ya 2,000. Baba yao alitoa fedha zilizokaribia dola 1,000. Mnunuzi wa chakavu anatoa chini ya dola 450. Asiyependa dola atumie gunia la mahindi, au mshahara wa mwalimu wa mwezi, jibu litaelekea upande uleule. Nilimwomba kijana achukue karatasi afanye hesabu mwenyewe. Alipomaliza alinyamaza, akamtazama mama yake.

Laki tisa hazikuwa za kubuni. Pikapu kama ile ina uzito wa tani moja na nusu hivi, na mnunuzi alikadiria shilingi 600 kwa kilo. Kwa chuma ilikuwa bei ya kawaida. Lakini alikuwa akipima kila kitu kama chuma, na bodi ni aluminiamu, ambayo hununuliwa kwa bei kubwa zaidi na watu wanaoiyeyusha kutengenezea sufuria. Alilijua hilo, wao hawakulijua. Sipendi kumwita mwizi. Katika soko, ajuaye zaidi hafungwi kumfundisha ajuaye kidogo, ingawa katika kijiji tungetarajia hivyo.

Nilirudi siku ya tatu na fundi kutoka mjini. Nilidhani ataanza na injini. Hakuigusa. Alilala chali chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza mlio, kama daktari anavyogonga kifua. Alinieleza kwamba bodi ya aluminiamu humdanganya mnunuzi. Haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo juu gari huonekana zima huku chini mifupa imeliwa. Chesisi ni chuma chenye uwazi ndani. Tope likiingia humo huila kimyakimya. Boriti ya nyuma kabisa ndiyo hutangulia kuoza, kisha mahali springi zinaposhikizwa, na ule ukuta unaotenga injini na kebini, ambao nao ni wa chuma. Aluminiamu yenyewe, inapogusana na chuma penye unyevu, hugeuka unga mweupe. Chesisi ya kwetu ilitoa mlio mzuri karibu kote. Boriti ya nyuma ilikuwa imechomelewa zamani, na ukuta ulikuwa na tundu la kupitisha ngumi upande wa abiria. Fundi alisema gari la pwani la umri ule lingekuwa limekatika vipande viwili. Huko Ulaya nako chumvi humwagwa barabarani wakati wa barafu, na chesisi huliwa vivyo hivyo. Ukavu wetu wa bara, ambao hatujawahi kuuhesabu kuwa mali, ni sehemu ya bei.

Kisha tukatafuta namba. Imegongwa kwenye kishikizo cha springi ya mbele, upande wa kulia. Tuliisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka ikasomeka, na ilianza na 912. Katika Series III ya petroli ya urefu huo, tarakimu tatu za mwanzo hueleza asili ya gari: 911 ni usukani wa kulia wa kuuzwa Uingereza, 912 ni usukani wa kulia wa kupelekwa nje, na 913 ni vipande vilivyopelekwa kuunganishwa katika nchi nyingine. Yaani hii ilikamilika kiwandani Solihull ikapakiwa melini ikiwa gari zima. Muhimu zaidi, namba ililingana na ile ya kwenye kadi. Gari ambalo kadi yake husema hivi na chesisi yake husema vile ni kama mwanafunzi mwenye majina mawili kwenye vyeti viwili. Anaweza kuwa mkweli, lakini kila mlango atasimamishwa.

Tatizo lilikuwa injini. Mwaka 1998 dereva alitoa ile ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, akaweka ya dizeli ya Kijapani, kwa sababu ya gharama za mafuta. Kwa mbeba viazi hilo ni jambo la busara na linaongeza thamani. Kwa mtu anayetaka gari la kale lilivyotoka kiwandani, linaipunguza sana. Fundi alitikisa kichwa. Ndipo mama akauliza kwa sauti ndogo kama tunazungumzia lile dude lililo ghalani. Tulikwenda. Injini ya asili ilikuwa nyuma ya vihenge, juu ya magogo, imepakwa grisi na kufunikwa turubai, kabureta imefungwa kitambaa. Kijana wa pili alikiri kwamba alikuwa amekwisha kumwahidi mnunuzi yuleyule wa chakavu, aje aichukue Jumamosi kwa bei ya kilo.

Niliporudi nyumbani nilikaa na karatasi nikajaribu kufikia hesabu. Bei ya chuma tulikuwa nayo, na hiyo ni sakafu. Hakuna sababu ya kuuza chini ya hapo. Bei ya kazi niliipata kwa kuuliza wafanyabiashara wa viazi wangelipa nini kwa gari linalobeba tani moja katika matope ya masika, wakijua kwamba ni zee na breki zake zinahitaji mkono. Hawakuvuka milioni nne. Iliyobaki ni bei ya watu wanaolitaka kwa sababu ni Land Rover na kwa sababu haitengenezwi tena, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Hupotea kwa sababu husikia habari za mbali. Ni kweli kwamba Desemba 2015 Land Rover iliyohesabiwa kuwa ya milioni mbili ilipigwa mnada na Bonhams huko London ikauzwa pauni 400,000. Ni kweli pia kwamba mwaka 2016 kampuni yenyewe ilitangaza kufufua Series I 25 kwa bei ya kati ya pauni 60,000 na 80,000 kila moja. Kampuni hiyo, nitaje kwa pembeni, ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa serikali ya Uingereza, Wajerumani na Wamarekani, na tangu 2008 ni mali ya Tata wa India. Mkoloni wetu wa zamani anaendesha fahari yake kwa hisani ya koloni lake la zamani. Na ni kweli kwamba Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, jambo linalowafanya wapenzi wa magari ya kale wa huko watafute duniani kote. Lakini mtu wa kijijini akisikia hayo huanza kudai mamilioni mia kwa gari lenye tundu ukutani. Hagerty, kampuni ya Kimarekani ya bima ya magari ya kale, hupanga magari katika ngazi nne, ya kwanza ikiwa ni gari lisilo na kasoro na ya nne ni gari linalotembea likiwa na kasoro za kuonekana. Kwa haki pikapu yetu ilisimama chini kidogo ya ngazi ya nne, mlangoni.

Kuna kosa jingine ambalo madalali hulipenda, la kuchanganya bei inayotajwa na bei inayolipwa. Kwa simu tulipata habari za pikapu tatu za aina ile, zote zikitembea na injini zake za asili. Wenyewe walitaja kati ya milioni 15 na 18. Niliwauliza waliowahi kununua kwa kweli, nikaambiwa fedha zilizohesabiwa mezani zilikuwa 12 au 13. Kutoka humo nikatoa gharama ya kurudisha injini, kuziba ukuta, breki na tairi, ambayo fundi aliikadiria kuwa milioni tatu. Nikabaki na 9 au 10. Nikaandika: kati ya milioni 8 na nusu na 10, injini ya asili ikiwa pamoja, bila injini hiyo, isizidi 5. Yaani lile dude la ghalani, ambalo lingekwenda kwa bei ya kilo, lilikuwa karibu nusu ya gari.

Jambo moja zaidi lilipaswa kutangulia, nalo halikuwa la fundi. Kadi ilikuwa kwa jina la marehemu. Mnunuzi makini hatatoa fedha kamili kwa gari ambalo muuzaji wake hana mamlaka kisheria, na asiye makini atatoa nusu kisha aombe "kusaidiwa". Niliwashauri waende Mahakama ya Mwanzo kwanza, mama ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi. Ilichukua zaidi ya miezi miwili, na ada ya kijana ikalipwa kwa kuuza ng'ombe mmoja wakati wa kungoja. Kijana mkubwa aliona ni hasara. Mimi niliona ng'ombe yule ndiye aliyeinunua nusu ya pili ya bei.

Mnunuzi alipatikana Arusha, mwenye shughuli za kupokea watalii, aliyetaka gari la kale lililo zima kwa ajili ya wageni wake. Alikuja mwenyewe akalala chali kama fundi wetu, jambo lililonipa imani naye. Alitaja milioni 8. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuanze, alitaja 10. Walifika 9 na laki mbili, injini ikiwemo.

Kisha yule bwana aliuliza kama kuna kumbukumbu zozote za matengenezo. Nilimwonyesha madaftari. Yalikuwa kumi na mawili, ya chuo na ya nyumbani, kuanzia 1976. Alifungua moja, akasoma ukurasa wa mwaka 1981 ambapo dereva aliandika kwamba hakuna petroli tangu Jumatatu na wakufunzi wamekwenda kwa miguu, akakaa chini juu ya ndoo iliyofudikizwa. Aliongeza laki sita kwa ajili ya madaftari. Kwake yalikuwa sehemu ya gari, na katika biashara ile ndivyo ilivyo: gari lenye historia iliyoandikwa huuzwa ghali kuliko ndugu yake bubu.

Mama alimjibu kwamba gari ni gari na mwandiko ni mwandiko. Madaftari hayauzwi. Mwenye kutaka kusoma atengeneze nakala.

Nilishughulikia nakala hizo mimi, katika duka la mjini, siku mbili nzima, kwa kuwa karatasi za zamani hazikutaka kunyooka. Mnunuzi alizikubali na akalipa laki mbili kwa hizo. Fedha zote zilipitia benki kwa jina la msimamizi wa mirathi, kadi ikabadilishwa, na pikapu ikapandishwa juu ya lori kwa mbao mbili, injini yake ya zamani ikifungwa kwa kamba kando yake. Madaftari yamo katika sanduku la bati chumbani kwa mama, pamoja na hendeli, ambayo hakuna aliyekumbuka kuiuliza.